Muulize Mjomba wa Mpakani: Jumamosi Yenye Siku Tatu

Wiki hii Mjomba hajibu maswali ya mapenzi. Si kwamba hayakuletwa. Yameletwa kibao, ila kila barua nikiifungua nakuta ndani yake kuna mpira. Kuanzia Burumba hadi Amagoro watu wamenuniana kwa sababu ya timu za vyuo na shule ambazo wengi wao hawajawahi kuingia darasani mwake. Basi tuyamalize haya kwanza. Walioachwa na wachumba wavumilie hadi toleo lijalo.

*Mjomba, mume wangu anauza mitumba hapa Busia. Shule aliachia darasa la nane. Lakini kila MMUST ikicheza raga nyumbani Kakamega, huondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku, sauti imekauka, mfuko mtupu, magoti yamechubuka utadhani ni yeye aliyecheza. Wakishinda anasema "tumeshinda". Wakishindwa hali chakula. Nikimuuliza ana undugu gani na chuo hicho, ananiambia mimi sielewi raga. Nifanyeje?*
*Mjane wa Jumamosi, Burumba*

Mjane, pole, ingawa marehemu wako hufufuka kila Jumapili usiku.

Hilo la kwamba hakusoma pale liache kabisa. Hapo ana ngao. Masinde Muliro, ndiyo hiyo MMUST, imekuwa chuo kikuu kamili tangu 2007 tu. Ukiwakusanya wote waliopata shahada pale ukawatia uwanjani, hawataweza kelele za watu wa Kakamega, Mumias na Butere waliopita kutazama siku moja wakabaki na timu moyoni. Na si huku tu. Marekani, uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaketi watu zaidi ya 100,000, na usiniambie wote wale waliwahi kufanya mtihani pale. Nao huanza kuchoma nyama kwenye maegesho ya magari tangu asubuhi, mechi ikiwa bado. Mumeo hajarogwa. Ana ugonjwa unaojulikana, na tofauti ni kwamba wenzake wana maegesho, yeye ana mama wa mahindi ya kuchoma nje ya lango.

Wewe mshike kwenye saa. Mechi ya raga ni dakika 80: arobaini, wanapumzika, arobaini nyingine. Kutoka Busia hadi Kakamega kupitia Mumias ni safari ya asubuhi moja, hata kama matatu itasimama kila penye mtu mwenye kuku. Mtu anaweza kunywa chai nyumbani kwake Jumamosi, akaona mechi kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, akala ugali wa usiku mezani kwake. Sasa kaa naye chini, kwa upole, ukiwa na kalamu, akueleze Ijumaa usiku ni ya nini na Jumapili mchana ni ya nini. Mimi nimesoma barua nyingi za aina hii na sijaona hata moja ambapo zile dakika 80 zilivunja nyumba. Kinachovunja nyumba ni saa nyingine zote zilizobaki, zile za "tulikuwa na vijana".

Pili, nenda naye. Usiende kumpeleleza, nenda na mzigo. Kakamega mchana jua huwaka, jioni mvua hushuka, na mashabiki huwa wameenda na fulana tu. Mwenye marobota ya sweta na makoti nje ya uwanja saa kumi jioni hahitaji kujua raga. Na kwa kuwa mitumba ni yenu, mauzo ya Kakamega yaingie kwenye simu yako, si yake. Baada ya safari kama mbili hivi utashangaa wewe ndiye unayeuliza ratiba.

Tatu, jifunze hesabu kidogo. Trai ni pointi tano, mkwaju unaopigwa baada ya trai ni mbili, penalti ni tatu. Jumapili akiingia mlangoni usimuulize pesa ziko wapi. Muulize: "Mbona mlichukua pointi tatu za penalti badala ya kutafuta trai?" Atavua viatu taratibu, atakaa, atakutazama kana kwamba mmekutana leo. Hapo hapo ndipo umuulize pesa ziko wapi.

Onyo moja. Ligi ya Kenya Cup ikimalizika usianze kushona vitambaa ukidhani umepumzika. Baada yake huja raga ya wachezaji saba kila upande, nayo huzunguka nchi nzima: Dala Sevens Kisumu, Prinsloo Nakuru, Christie Nairobi, Driftwood Mombasa. Kisumu mruhusu. Nakuru mjadiliane. Mombasa aende na wewe au asiende.

*Mjomba, niko mwaka wa pili Alupe na nina miaka 20. HELB imeingia. Wikendi hii timu yetu ina mechi na wenzangu wanapanga kukodi matatu, nyama, halafu jioni tuvuke Busia ya Uganda tukabeti, maana wanasema huko hawatujui sura. Nitenge kiasi gani?*
*Mwenye Njaa ya Ushindi*

Ya matatu, tenga. Ya nyama, tenga kidogo. Ya kubeti, sifuri, na wala si mimi ninayekukataza. Kenya mtu anaruhusiwa kubeti akifika miaka 18. Uganda, tangu sheria yao ya 2016, ni miaka 25. Kwa hiyo ukiwa Alupe wewe ni mtu mzima, mwenye kitambulisho na maoni. Ukivuka geti pale mjini unageuka mtoto unayedaiwa miaka mitano, na hao wasiokujua sura ndio watakaokuuliza umri.

Nyama nayo, angalia. Pesa ya HELB si zawadi. Ni mkopo, na wanaodai hawasahau. Kuna watu wazima, wana wajukuu, ambao bado wanalipia mbuzi waliyemla mwaka wa pili.

Lakini kwenda kwenye mechi, nenda, tena kaa mbele. Chuo chenu kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili 2022. Ni kichanga kuliko viatu vyangu. Maana yake nyimbo zitakazoimbwa na mashabiki wa Alupe miaka arobaini ijayo mnazitunga ninyi, mwaka huu, kwenye hiyo matatu ya kukodi. Nimezisikia ikipita barabara ya Malaba. Tafadhali tieni bidii.

*Mjomba, mimi ni dereva wa lori. Sasa hivi niko kwenye foleni Malaba na mzigo wa Kampala. Binti yangu yuko na timu ya shule yao kwenye michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki kule Bukedea. Kutoka hapa nauona mwamba wa Tororo kwa macho. Nimwachie taniboi lori nichukue boda nikamwone mtoto akicheza?*
*Baba Kwenye Foleni, Agosti 2024*

Ndugu yangu, barua yako imenifikia sasa hivi. Naona nayo ilikuja kwa lori.

Nitakujibu hata hivyo, kwa ajili ya wazazi wengine walioko kwenye foleni hiyo leo. Mwamba wa Tororo ni tapeli. Unaonekana karibu ukiwa popote Malaba, lakini Tororo ukishafika bado Mbale, na Mbale ukishafika bado Bukedea, njia ya kwenda Kumi. Mtu akiondoka asubuhi kwa boda na teksi za huko, akapata magari bila kungoja, ataona kipindi cha pili. Akichelewa ataona watoto wakipanda basi.

Na foleni ya Malaba mnaijua tabia yake. Ukikaa ndani ya lori haisongi. Ukishuka kununua chai, inasonga lori kumi. Mwaka 2020, enzi za vipimo vya korona, ilirefuka kilomita kwa kilomita hadi madereva wakawa wanapika na kufua kando ya barabara kama wanakijiji. Hii si foleni ya kumwachia taniboi mwenye wiki mbili kazini. Lori likigusana na jirani, mwenye mali hatauliza binti yako alifunga mabao mangapi.

Kwa hiyo jibu langu lingekuwa hili: mpigie mwalimu wake wa michezo kabla ya mechi, sio baada. Mwombe amwambie mtoto sentensi moja tu: "Baba yuko mpakani, anauona mwamba." Halafu mwambie tajiri wako mapema, wiki kabla, kwamba Agosti una mtoto anacheza, na uombe mzigo wa njia nyingine. Matajiri wengi hukataa. Wachache waliwahi kuwa na watoto wanaocheza.

Nasikia 2025 michezo hiyo ililetwa Kakamega, mlangoni kwenu. Natumaini hukuwa Juba.

*Mjomba, jirani yangu ana ngoma za isukuti. Ijumaa usiku hujaribu ngozi. Jumamosi alfajiri hupakia kwenye matatu kwa robo saa, akizipiga. Jumapili akirudi hupiga za ushindi, na akishindwa hupiga za kumfariji kocha. Chifu hanisaidii. Je, kuna sheria?*
*Asiyelala, Marachi*

Ipo, lakini iko upande wake. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha isukuti ya Waisukha na Waidakho miongoni mwa urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa haraka usije ukapotea. Dunia ina wasiwasi ngoma hiyo itanyamaza. Wewe ndiye mtu pekee niliyewahi kumsikia mwenye matumaini hayo.

Mwombe akufundishe. Anayepiga huwa hasikii kelele.

*Bwana Mjomba, mimi ni mzee wa Kiteso hapa Amagoro. Binti yangu anachumbiwa na kijana wa Tororo, Mteso mwenzetu, aliyesoma Makerere. Siku ya wazee wao kuja kuzungumzia ng'ombe ilipangwa miezi miwili kabla. Wamefika saa tatu baadaye kuliko tulivyokubaliana, na kijana amevaa jezi ya chuo, kwa kuwa Makerere ilikuwa na mechi ya ligi ya vyuo vikuu. Pombe ya ajon ilikuwa imeshapoa na wazee wangu wamesinzia na mirija mdomoni. Niongeze ng'ombe au nivunje uchumba?*
*Baba Mkwe Aliyedharauliwa*

Mzee wangu, usivunje. Kwanza tuheshimu mazingira. Ligi ya vyuo vikuu ya Uganda ilianza 2012, na inachezwa nyumbani na ugenini kama ligi ya watu wakubwa. Makerere, Kyambogo, Ndejje na wengine huenda kwa mwenzao na mabasi, tarumbeta na matusi ya kistaarabu. Kijana aliyelelewa humo anaamini kabisa kwamba ratiba ya ligi iliandikwa kabla ya ratiba ya wakwe. Makerere yenyewe ilianza 1922. Mtu wa chuo cha miaka mia moja hawezi kufika mahali kwa haraka.

Lakini kuchelewa kwa saa tatu kuna faini, na mila zetu zinajua kutoza faini bila kelele. Kabla hujataja ng'ombe, muulize swali moja, mbele ya wazee wote: "Mlishinda?"

Akisema walishinda, mwongezee ndama. Kijana aliyekuja kwako saa tatu baada ya kushinda alikuwa anasherehekea mahali, na wewe umekaa na mirija.

Akisema walishindwa, mwangalie vizuri. Mtu aliyetoka uwanjani na majonzi, akapanda gari, akavuka mpaka, akaja kukaa kitako mbele ya wazee waliokasirika, akanywa ajon iliyopoa na asiinuke hata mara moja kwenda kupiga simu, huyo ana subira ambayo wewe mwenyewe hukuwa nayo umri huo. Mkubalie kwa ng'ombe wale wale. Faini iwe jezi: aivue pale pale, umpe kijana wako mdogo. Itamuuma kuliko ndama.

*Mjomba, nina watoto wawili. Mkubwa yuko Busitema, ng'ambo, mdogo yuko Alupe. Vyuo vyao havijakutana uwanjani lakini nyumbani kwangu vimekutana kila likizo. Sasa wananiuliza siku vikikutana nitavaa jezi ya nani. Nimekosa usingizi.*
*Mama wa Wawili, Busia*

Mama, jibu liko hapo mjini kwenu. Tangu 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi, anayevuka hahudumiwi upande anaotoka. Anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande anaoingia. Basi jezi nayo iwe hivyo hivyo. Mechi ikiwa Alupe, vaa ya Alupe. Ikiwa Busitema, beba kitambulisho chako, vuka, vaa ya Busitema. Hakuna atakayelalamika kwa sababu kila mmoja atakuwa na zamu yake, na ya pili inakaa kwenye mkoba ikisubiri.

Ugumu ni mechi ikiwekwa uwanja usio wa yeyote. Hapo usiende. Baki nyumbani, songa ugali wa watu wengi, zima simu. Atakayerudi wa kwanza ndiye aliyeshindwa, maana mshindi bado yuko barabarani anaimba. Mpakulie huyo kabla hajavua viatu, na paja la kuku limwendee yeye.