Namna ya Kupanga Bei ya Maegesho Kwenye Barabara Isiyo na Magari

Hongera, Mheshimiwa. Umepewa kiti katika kamati, kamati imepewa kazi, na kazi yenyewe ni nyepesi: kupanga bei ya kuegesha gari kwenye zile barabara za Bujumbura ambako magari hayaji. Watakuwepo wa kukuuliza kwa nini utoze ushuru mahali ambapo hakuna anayegombea nafasi. Usiwajibu. Fuata hatua hizi sita, na kabla bajeti haijasomwa utakuwa na jedwali zuri la mapato. Mapato yenyewe yatafuata, Mungu akipenda.

Hatua ya 1: Usitoke ofisini

Barabara ina tabia ya kumharibia mtaalamu hesabu zake. Ukipita Chaussée Prince Louis Rwagasore saa nne asubuhi, utaona magari yamebanana mbele ya maduka, taksi zikizunguka kutafuta upenyo. Ukikata kona ukaingia ndani ya Rohero, utakuta kipande kizima chini ya miti kina gari moja tu, na dereva wake amelala. Ukiyaona haya utashawishika kuweka bei mbili tofauti, na jedwali litaharibika.

Weka bei moja kwa jiji zima. Hapo hutakuwa wa kwanza. Nairobi kwa miaka mingi imetoza ushuru wa siku nzima katikati ya jiji; wakati wa Gavana Evans Kidero ulipanda kutoka shilingi 140 hadi 300. Aliyeshuka dakika kumi kununua dawa na aliyeacha gari tangu alfajiri hadi magharibi walilipa sawasawa. Huo ndio usawa. Mwenye dawa akinung'unika, mwambie akae mpaka jioni apate thamani ya pesa yake.

Hatua ya 2: Hesabu magari pale yanapokufaa

Kanuni za kitaalamu zinataka hesabu, basi hesabu. Chagua barabara yenye kituo cha mafuta. Katika miaka hii ya uhaba wa esansi, foleni imeanzia kwenye pampu, ikapinda kona, ikaenda hadi usipoweza kuona mwisho wake. Magari yamelala hapo usiku kucha, madereva wengine wakilala ndani yake, wengine wakimwachia kijana ufunguo wakaenda kazini kwa miguu. Andika: "Maegesho yamejaa kwa asilimia 100, mchana na usiku." Kisha chukua takwimu hiyo uitumie kupandisha bei mtaa wa pili, ambao ni mtupu kwa sababu magari yake yote yako kwenye foleni.

Safu ya "sababu" iache wazi. Ukiijaza utalazimika kuandika kwamba nchi imekosa fedha za kigeni za kuagizia mafuta, kwamba wenye magari wamewahi kuvuka mpaka wa Gatumba hadi Uvira kutafuta lita chache, kwamba Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji, na kwamba soko kuu lilipoungua tarehe 27 Januari 2013 wafanyabiashara walitawanyika na wateja wakawafuata. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na ushuru wa maegesho, na kamati yako haikuundwa kwa ajili ya kukatishana tamaa.

Hatua ya 3: Barabara ikiwa tupu, pandisha bei

Hapa ndipo ustadi unapopimwa. Tuseme mtaa una nafasi 20, na bei ni faranga 500 kwa saa. Wanakuja wanne. Mtu wa kawaida atasema bei ishuke. Wewe sema hivi: nafasi 20, faranga 1,000, saa kumi kwa siku, jumla faranga 200,000 kila siku. Piga chapa, weka muhuri. Wale wanne watakapobaki mmoja, hilo litakuwa tatizo la utekelezaji, na utekelezaji una kamati yake. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; sifuri na sifuri hawakuzitaja.

Jihadhari na muuza ndagala wa kando ya ziwa. Jua likielekea kuzama na sinia bado limejaa, yeye hushusha bei, na watu wakikusanyika huipandisha. Hajasoma popote, lakini ana mawazo ya hatari. Mawazo hayohayo yalimpata William Vickrey, mwanauchumi wa New York, aliyependekeza miaka ya 1950 kwamba bei ya mita za maegesho ifuate wingi wa magari. Mwaka 1996 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zake za uchumi.

Mwingine wa kumkwepa ni Donald Shoup wa Los Angeles. Mwaka 2005 alitoa kitabu kinene akidai kwamba bei sahihi ni ile ya chini kabisa inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila kipande cha barabara, yaani pajae kama asilimia 85. San Francisco wakamsikiliza. Mwaka 2011 walianza kubadilisha bei kidogo kidogo, mtaa kwa mtaa, kwa kufuata hesabu halisi ya magari. Palipojaa ilipanda, palipokuwa patupu ikateremka, penginepo hadi senti 25 kwa saa. Mwisho wa majaribio wastani wa bei ya mita ulikuwa umeshuka kutoka dola 2.69 hadi 2.58. Hebu fikiria aibu hiyo: jiji limefunga mitambo ya kisasa, kisha limegundua kwamba lilikuwa likiwatoza watu kupita kiasi!

Hatua ya 4: Nunua mita, hasa za sarafu

Mita ya kwanza ilisimikwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, na ilikula sarafu ya senti tano kwa saa. Sisi tutaanzia hapohapo. Kuna pingamizi dogo: sarafu zetu za faranga 10 na 50, zilizotoka mwaka 2011, hazionekani sana mifukoni, na dereva atahitaji gunia zima la sarafu hizo ili aegeshe hadi adhuhuri. Usikubali atakayekwambia watu walipe kwa Lumicash au Ecocash kwenye simu walizonazo tayari. Njia hiyo haina zabuni.

Mita zitaagizwa nje kwa dola, zile zile zilizokosekana kununulia esansi. Hivyo tutakuwa tumefanikiwa kununua mashine ya kupima muda wa magari kwa fedha ambazo zingeyafanya magari yatembee.

Hatua ya 5: Mkabidhi mwekezaji mita kwa miaka mingi

Mfano bora ni Chicago. Desemba 2008 jiji hilo lilikodisha mita zake kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, likapokea takriban dola bilioni 1.15. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji akasema mita hizo zilikuwa na thamani ya karibu mara mbili ya hapo. Fedha nyingi zilitumika ndani ya miaka michache. Mkataba bado upo. Uzuri wake zaidi, jiji likifunga barabara kwa shughuli zake, linaweza kudaiwa fidia na mwenye mita.

Uhamishie mkataba huo hapa. Jumamosi asubuhi, wananchi wanapotoka na majembe kwa kazi za kijamii na magari kusimama, jiji lingekuwa likimlipa mwekezaji kwa kila mtaro unaozibuliwa. Tarehe 1 Julai, gwaride la uhuru lingekuja na ankara.

Hatua ya 6: Tafuta mteja asiyeondoka

Mtaa ukikataa kabisa kuingiza kitu, nenda Buyenzi. Huko kwenye gereji za kando ya njia utakuta gari limekaa juu ya mawe, halina injini wala magurudumu, na fundi ameingia chini yake. Gari hilo ndilo mteja mwaminifu: haliendi popote. Bandika karatasi ya deni kwenye kioo. Ikiwa kioo nacho kimeng'olewa, mpe fundi mkononi.

Mambo ya kuepuka kabisa

Yapo yatakayoiharibu kazi hii, nayataja ili uyajue. Usitume vijana wahesabu magari asubuhi, adhuhuri na jioni, wiki kadhaa, kila mtaa peke yake. Usitoze pale tu ambapo watu wanazungushana kutafuta nafasi. Usishushe bei palipo patupu mpaka ifike bure, wala usimpe anayeingia dukani nusu saa ya kwanza bila malipo. Na zaidi ya yote, fedha za mtaa usizirudishe mtaani humo kwa taa na mifereji, ukabandika ubaoni hesabu ya zilizoingia na zilizotumika. Wenye maduka wataanza kuutetea ushuru wenyewe, na hapo utakosa watu wa kuwalaumu.

Ukiyafanya hayo uliyokatazwa, Mheshimiwa, utagundua kwamba ushuru wa maegesho ni wa kugawana nafasi iliyo adimu, na mtaa usiogombewa hauna cha kugawana. Bei yake ni sifuri. Andika sifuri, tia sahihi, kisha ivunje kamati.