Mparachichi, Pasi na Betri ya Mama

Mama alikataa katakata mparachichi ukatwe. Fundi wa sola alikuwa juu ya ngazi, akituonyesha jinsi kivuli kinavyoangukia paneli kuanzia saa nane mchana. Tawi moja tu likifunika seli chache, umeme wa paneli nzima hushuka. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mti huo umesomesha watoto." Paneli ikahamia bati la jiko, nyaya zikaongezwa, baba mdogo akanuna kwa gharama.

Kijijini kwetu, milimani Lushoto, nguzo za umeme hazijafika. Sola ilipowaka, koroboi ilitoka mezani pamoja na moshi wake, na simu hazikupelekwa tena sokoni kuchajiwa kwa pesa. Nasema kwa moyo wote: hakuna kitu tulichomnunulia mama kilichomfaa kuliko zile taa.

Ikaja harusi ya binamu, nyumba ikajaa wageni. Usiku ule shemeji akachomeka pasi ya umeme. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri, ikalia, ikazima. Giza, watoto wanalia, gauni limenyooshwa upande mmoja, na kila mtu anamwuliza mwenzake tochi iko wapi.

Fundi akarudi na mita yake. Betri yetu ni ya asidi, volti 12, ampea-saa 100. Hizo ni wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usivuke nusu, yaani 600. Pasi ya wati 1,000 huzimaliza kwa dakika 36. Tena ukungu ulikuwa umetanda kwa siku kadhaa, betri haikuwa imeshiba. Ikiachwa tupu namna hiyo, salfeti hugandamana kwenye sahani zake za madini ya risasi, na nguvu inayopotea hairudi yote.

Hapo ndipo ninapowalaumu wauzaji. Wanasifu jua la bure, hawakai na mwenye nyumba kumweleza kwamba kulihifadhi ndiko ghali: paneli yaweza kudumu miaka 25, betri kama yetu hufa mapema zaidi. Ya lithiamu huvumilia kutumiwa karibu yote, ila baba mdogo alipotajiwa bei aliinuka kikaoni.

Kikao kikaamua paneli ya pili inunuliwe na pasi ya mkaa irudi kazini. Mama akamkabidhi mjukuu wa darasa la sita kazi ya kukagua kontrola ya kuchaji betri kila jioni. Taa yake ikiwa nyekundu, televisheni haiwashwi, hata kama Simba na Yanga wako uwanjani.