Sifa za Karani Asiyekataa Kitu

Wajuzi wamemtukana vya kutosha, sasa asifiwe. Namsema SQLite, hifadhidata iliyojificha ndani ya simu za Android, zikiwemo za wauza madafu na mihogo pale Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu. D. Richard Hipp alimbuni mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya manowari ya Marekani, kwa hiyo ungetarajia nidhamu ya kijeshi. Wapi! Tangaza safuwima kuwa ya namba kamili, kisha andika humo neno "deni": atalipokea bila kukunja uso. Tia humo namba ya simu inayoanza na sifuri, naye ataiondoa ile sifuri, asikusumbue hata kwa kukuarifu. Adabu iliyoje!

Tazama daftari la mauzo ya mihogo kwenye simu. Sahani ya kwanza shilingi 50, ya pili 100, ya tatu imeandikwa "deni" kwa sababu mteja kaahidi kupita Ijumaa. Ukiomba jumla, SQLite anajibu mia na hamsini. Lile neno amelihesabu sifuri, kimya kimya. Ni matajiri wangapi wa Mombasa wanaosamehe madeni kwa wepesi huo? Hifadhidata mwenzake, PostgreSQL, kwa roho yake ngumu, angelikataa neno mlangoni, na muuzaji angelazimika kukata shauri papo hapo deni ni shilingi ngapi, huku wateja wamejipanga na mafuta yanaungua.

Watasema kosa linalonyamaza ni baya kuliko linalopiga kelele. Ni kweli, na hapo sifa zangu zinapwaya. Ila wanaotaka ulegevu huu ung'olewe hawajauliza nani keshauegemea. Chukua ulegevu wake mwingine: watengenezaji wenyewe wanakiri kwamba kukubali maneno yaliyofungwa kwa alama za nukuu mbili, pale panapostahili moja, lilikuwa kosa, lililofanywa ili kufanana na hifadhidata nyingine, MySQL. Hawakuliondoa, kwani programu nyingi zingevunjika siku hiyo hiyo, nao wamekusudia kuitunza kazi yao hadi mwaka 2050. Walichofanya ni kuruhusu lizimwe, kuanzia 2019. Na Novemba 2021, katika toleo 3.37.0, wakaongeza majedwali makali: neno moja, STRICT, mwishoni mwa tangazo la jedwali, na "deni" halipiti tena kwenye safuwima ya namba. Anayetaka ukali auombe.

Mgeni wa kazi hatajua kuuomba, mtasema. Hatajua, na hasara haitakuwa yake. Itakuwa ya muuza mihogo. Hata hivyo, kumfundisha mgeni mmoja ni rahisi kuliko kuvunja simu za watu. Kwa hiyo ulegevu ubaki. Nawe unayemtengenezea mchuuzi programu, jedwali la mauzo liandikie STRICT, na deni ulipe safuwima yake. Atakayenung'unika ni yule mteja wa Ijumaa peke yake.