Kitambaa Hakikubaki

Muulize fundi yeyote kwenye baraza za maduka ya vitambaa hapa Malindi: kitambaa hakibaki. Mpe mita nne, dera litakula zote nne. Mpe tano, litakula tano, tena "kwa tabu, mama, hapo mikononi nimebana sana." Mwili ni uleule na kiuno ni kilekile.

Sasa lile gunia chini ya cherehani yake limejaa nini? Vipande. Satini, shifoni, lesi, vitenge, vyote vimeviringwa vizuri. Nikalinunua kwa mia tatu, baada ya kuapiwa kwamba ananiuzia kwa hasara. Hasara ya nini, nami nashuku nilikuwa nalipia mara ya pili?

Kina mama wa Kigiriama waliliona hili zamani. Hando, ile sketi yao, hukunjwa marinda juu ya marinda mpaka kitambaa kinaisha chenyewe. Fundi atapunguza wapi? Mekatilili wa Menza, yule aliyewahamasisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, ana sanamu hapa mjini. Natamani ningempeleka yeye akachukue dera langu. Na inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani, karne ya 19 ikielekea kwisha, walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa havijakatwa, wakaunga sita, tatu juu tatu chini, wakajitanda. Leso ya leo nayo hushonwa pindo tu. Hupimwi, huambiwi "umenenepa kidogo", huambiwi uje Ijumaa.

Mimi nilitoa Singer ya mkono ya marehemu nyanya, ambayo haijui stima imekatika au imerudi, nikaanza kuunga vile vipande vya gunia viwe gauni. Satini inateleza kama pweza. Lesi inanasa kwenye meno ya cherehani. Pasi inayonyoosha kitenge inatoboa shifoni. Na joto la Machi hili! Jasho linadondokea kitambaa, halafu mtu anapita dirishani anauliza, "Kwani mafundi wamekwisha?"

Nikalivaa harusini Mambrui. Sare ya siku hiyo ilikuwa kijani, nami nilikuwa nimegoma. Sare za watu zimenimaliza. Kila bibi harusi na rangi yake, na kila rangi mfuko ni wangu.

Nilipovua buibui tu, salamu zikakatika. Wanawake walikuwa wanasoma gauni.

"Hilo bega ni sare ya ile harusi ya Watamu."

"Ipi? Ile ya walioachana kabla deni la ukumbi halijalipwa?"

"Shoga, hicho cha kifuani ni changu! Nilimwuliza fundi, akaniambia hakikubaki hata cha kufutia kamasi."

Shangazi mmoja akanishika nyonga bila hodi, akapima kwa shubiri. "Nusu mita yangu hii hapa. Simama vizuri, mwanangu." Pilau ikaletwa, ikapoa. Nikageuzwa huku na huku kama kidhibiti mahakamani, na aliyeniuzia mali ya wizi yuko kwake Malindi anakunywa kahawa.

Kesho yake tukamwendea, kundi zima, mimi mbele na gauni langu mwilini. Hakukana wala hakuapa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanizunguka taratibu.

"Nani kakushonea hivi? Mgongo umekwenda upande. Vua uniachie nikurekebishie, lakini utaongeza mita mbili."