Zamu ya Kichuguuni

Katika nyika ya Taru, bara ya Mombasa, nguchiro wadogo hulala ndani ya vichuguu. Asubuhi hondohondo huwangojea mtini, kisha hutoka pamoja: nguchiro wakifukua wadudu, hondohondo wakidaka panzi wanaokurupuka. Nguchiro mmoja hukaa zamu juu ya kichuguu, na yeyote atakayemwona kipanga, awe nguchiro awe ndege, hupiga ukelele.

Kundi moja la nguchiro liliongozwa na Bibi, maana kwao jike ndiye mkuu. Siku moja kijana wa zamu alipiga ukelele, wote wakatumbukia shimoni. Kumbe aliyepita ni tumbusi, mla mizoga. Bibi akamsimamisha mbele ya wenzake.

"Umetuharibia kazi. Tangu leo, asiye na hakika anyamaze."

"Nimesikia, Bibi."

Alisikia kweli, na waliosimama pembeni wakasikia zaidi. Bibi hakuwa na nia mbaya. Alitaka watoto washibe. Lakini kipanga akiwa mbali ni nukta tu angani, haonyeshi mdomo wala kucha. Kumtaka mlinzi awe na hakika ni kumtaka angoje mpaka kucha zionekane, na hapo ukelele haumsaidii mtu tena. Agizo la kuzuia makosa lilizuia habari.

Siku zilizofuata zilikuwa shwari, na Bibi akazisifu. Hondohondo walipiga kelele mara mbili tatu, lakini hakuna aliyethubutu kukimbia mbele ya Bibi. Ndipo kipanga alipombeba mtoto mmoja, mchana kweupe. Kijana yuleyule alikuwa zamu.

"Hukumwona?"

"Nilimwona, Bibi. Nilikuwa bado sijawa na hakika."

Bibi hakumgombeza. Kesho yake alipanda zamu mwenyewe. Nukta ilipotokea akapiga ukelele, wote wakaingia shimoni. Alikuwa tumbusi tena.

"Nimekosea," akawaambia wote walipotoka. "Na nikiiona nukta nyingine nitapiga tena."

Kisha akamgeukia kijana. "Mjukuu wangu, panda wewe. Chochote kikikutia shaka, tuite."

Kabla ya adhuhuri kijana aliwaita mara tatu, na mara zote tatu hapakuwa na kipanga. Kila walipotoka shimoni Bibi alimwambia ahsante, nao wakaendelea kufukua.