Sifa za Breki Inayosugua

Utanzu wa sifa za mzaha, yaani maandishi yanayokitukuza kwa uzito wote kitu ambacho watu hukidharau au hukilaani, una umri mrefu: Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam alichapisha sifa za upumbavu mwaka 1511. Wote wawili walifariki kabla breki ya diski haijabuniwa, kwa hiyo hawana lawama kwa kutoitaja. Lawama ni ya zama hizi, ambazo zinaisikia breki hiyo ikisugua kwenye barabara za Singida na bado hazijaitolea hata neno moja la shukrani.

Breki ya diski ya baiskeli ni ile ambayo sahani nyembamba ya chuma, iliyofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, huzunguka katikati ya pedi mbili zinazoshikiliwa na kalipa, ambayo ni taya iliyofungwa kwa bolti mbili kwenye fremu au kwenye foku ya mbele. Diski ikiwa mpya huwa na unene wa takriban milimita 1.8, na nafasi iliyopo kati yake na kila pedi ni sehemu ndogo tu ya milimita, kiasi kwamba baiskeli ikilazwa vibaya juu ya keria ya basi, au ikiegemezwa ukutani kwa upande wa diski, mguso huanza. Diski iliyopinda hugusa mahali pamoja na kutoa mlio wa shii, kimya, shii, kimya, kwa kadiri ya mzunguko wa gurudumu; kalipa iliyokaa upande hutoa shii moja isiyo na mwisho. Msikilizaji makini hutambua ugonjwa kabla hajainama.

Tabia hiyo ya breki hii ya kusema ukweli huonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na zile za zamani. Baiskeli kubwa za Phoenix na Swala, zilizobeba magunia ya alizeti na matenga ya kuku wa kienyeji kutoka vijiji vya Ikungi na Mkalama, zilifungwa breki za vyuma, ambazo mpira wake hubana ringi kutoka upande wa ndani, na mpira huo ukiisha breki ilinyamaza kabisa, haikusugua wala haikushika, mpaka mwendeshaji akalazimika kukandamiza soli ya ndala kwenye tairi ili asimame. Breki inayosugua haijui unafiki wa namna hiyo, kwa kuwa hutangaza kuwapo kwake hata pale isipohitajika.

Faida zake kwa jamii ni nyingi. Kengele hupigwa kwa kidole, na kidole husahau. Breki inayosugua huwatahadharisha watembea kwa miguu bila kuombwa, na hata mbuzi waliolala barabarani huinuka. Mwizi anayeisukuma usiku husindikizwa na mlio wake hadi kona ya mwisho ya mtaa. Wale wasemao kwamba inapunguza mwendo husahau kwamba katika safari ya kutoka Misigiri kwenda Kiomboi, mkoani Singida, upepo wa kiangazi hufanya kazi hiyo hiyo bila kulaumiwa na yeyote. Na pale Sekenke, ambapo barabara inateremka kuelekea mbuga ya Wembere na malori hushuka kwa gia nzito, mwendo usiodhibitiwa ni hatari kubwa, hivyo breki iliyoanza kazi kabla ya mteremko haistahili kuitwa mbovu. Kosa lake ni kuwahi tu.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni kwamba hujitibu. Miamba ya graniti iliyotapakaa mkoani humo humeguka na kuwa mchanga wenye chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha diski, na chembe hizo zikinaswa katika mguso hula pedi na diski kwa pamoja, mpaka nafasi inapatikana na ukimya unarejea. Kwamba wakati huo pedi zimekwisha ni jambo dogo, na wenye duka la vipuri hawalilalamikii.

Wapo, kwa bahati mbaya, wanaoutaka ukimya mapema. Hao huanza kwa kuhakikisha kwamba ekseli imekaa sawasawa kwenye foku, kwa kuwa gurudumu lililofungwa upande huisingizia kalipa. Kisha hulegeza zile bolti mbili, hubana mkono wa breki ili kalipa ijipange yenyewe juu ya diski, na hukaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, mkono ukiwa bado umebanwa. Katika breki za waya, ambazo pedi moja tu ndiyo husogea, ile ya ndani husogezwa kwanza kwa skrubu yake hadi ikaribie diski. Diski iliyopinda huwekewa alama ya chaki mahali inapogusa, kisha hunyooshwa kwa mkono safi, taratibu, kwani ikivutwa kwa hasira hupinda upande wa pili. Fundi hodari huweka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa ili aone mwanga pande zote mbili.

Lililo baya ni njia ya mkato ya kutia mafuta. Singida ni mkoa wa alizeti, madumu ya mafuta hupanda keria kila msimu wa mavuno, na tone moja likidondokea diski, au likidondoshwa makusudi na mtu aliyechoshwa na mlio, huondoa msuguano wote, ule wa kero na ule wa kuokoa maisha. Pedi ikishakunywa mafuta, kwa kawaida hutupwa. Afadhali bolti mbili na nusu saa chini ya mwarobaini. Atakayechagua bolti anunue na kengele.