Msimu wa Kufungwa

Mcheza karata aliyeandamwa na nuksi ana faraja moja ambayo mimi, mcheza bao, nimenyimwa, nayo ni faraja ya kuilaumu bahati. Huko Las Vegas, ambako tangu mwaka 1970 mabingwa wa poka hukusanyika kuwania ubingwa wa dunia, mtu hupewa ree mbili, jozi ambayo hapana iliyo bora kuliko hiyo kabla karata za mezani hazijafunuliwa, akaweka mali yake yote mbele ya mwenziwe mwenye wafalme wawili, na hesabu bado ikampa mwenziwe huyo ushindi mara moja katika kila mara tano au sita. Akiliwa hivyo usiku kucha, hurejea kwake na hoja timamu: alicheza sawasawa, majaaliwa hayakukubali. Bao halina msaada huo. Mashimo yote 32 yako wazi, kete zote 64 zina hesabu inayojulikana hata kwa mtoto, na aliyefungwa amefungwa na akili ya mwenziwe, ushahidi ukiwa ubaoni mbele ya baraza zima.

Kwa hiyo katika msimu ule ambao kila aliyeketi mbele yangu alibaki ameketi, na mimi ndiye niliyeondoka, sikuwa na budi kuitafuta nuksi mahali pengine. Nilianza na ubao, nikadai kuwa umepinda upande wangu. Seremala mmoja, mtu wa makamo asiyejua dhihaka, akaupapasa, akaufumbia jicho moja akiutazama kwa urefu wake, kisha akatamka kuwa umepinda kweli, lakini upande wa pili. Nikazigeukia kete, nikanunua komwe zangu mpya, za kijivu, laini, nzito kiganjani. Zikafungwa nazo, tena kwa mlio mzuri zaidi. Ikabaki hasadi ya watu. Nikamwomba kwa adabu bwana mmoja mla tambuu, aliyezoea kusimama nyuma ya bega langu la kushoto, anihurumie ahame. Akahama, akaenda kusimama nyuma ya mpinzani wangu, na huko akaanza kumnong'oneza.

Wenye fitina walisema kwamba maradhi yangu yalikuwa katika nyumba. Asiyelijua bao na afahamu kuwa kila mchezaji huanza na shimo moja la mraba lenye kete 6, nalo ndilo nyumba, na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Rundo la nyumba huzidi kukua, na ikitokea katika kula kwake kete ya mwisho imeangukia humo, pasipo cha kuliwa mbele yake, mwenyewe ana hiari ya kulala hapo au kuikomba nyumba nzima akaitia safarini. Mwenye moyo uliotulia hulala. Lakini mtu aliyefungwa tangu alasiri hadi magharibi huliona rundo lile kuwa ni fidia ya dhulma zote za wiki. Hulikomba kwa mkono mmoja, huzimwaga kete shimo kwa shimo kwa fahari ya mwenye kulipa deni hadharani, na ya mwisho inapotua katika shimo tupu, huinua macho akakuta rafiki zake wote wanaangalia upande wa bahari. Wacheza poka nao wana maradhi haya haya, ya mtu kuongeza dau kwa sababu ameliwa, tena kwao ni ghali zaidi, kwani sisi tunachoweka ni heshima tu, nayo yangu ilikuwa imekwisha zamani.

Nyumbani nilijaribu dawa ya elimu. Niliweka ubao ukumbini, mkono wa kulia ukashindana na wa kushoto, na kwa kuwa wa kulia ndio niliouhesabu kuwa mimi, ukafungwa. Mke wangu, ambaye maishani mwake hakupata kushika kete, alikuwa akipita na ungo wa mchele, akasimama kitambo, akasema, "Bwana, kesho barazani mpeleke huyo wa kushoto."

Hayo yote yalivumilika. Lisilovumilika lilikuwa huruma. Alasiri moja nilikutana na mzee mshona kofia, mtu ambaye hakupata kumhurumia hata shemeji yake, naye alikuwa na mtaji, yaani mwendo wa kula, wa kunimaliza. Sheria ya bao haimruhusu mtu kuacha kula akiwa na cha kula. Basi nikamwona akihangaika, akikuna kidevu, akitafuta katika mitaji yake yote ule ulio mnyonge kabisa, akala kete mbili pale alipoweza kula kumi. Nikamfunga. Baraza likashangilia kwa adabu iliyopita kiasi, na mwuza kahawa akanijazia kikombe bila ya kudai kitu, nikatambua kuwa shauri hili lilikwisha pitishwa nisipokuwapo.

Nikazipanga kete upya, sita nyumbani, mbili na mbili pembeni yake. "Mzee wangu," nikamwambia, "sasa nifunge kwa heshima."

Akaiweka sawa miwani yake. "Mwalimu, una radhi?"

"Nina radhi."

Kahawa haijapoa bado, safu yangu ya mbele ilikuwa haina hata kete moja, na kijana aliyekuwa akingoja zamu alikwisha niomba, kwa heshima zote, nisogee.